Spidomita imetulia kwenye 80: namna ya kutafuta kani jumla kwenye kitu kinachokwenda kwa velositi isiyobadilika

Hiace ya abiria imetoka Moshi, imeiacha Boma Ng'ombe nyuma, na sasa iko kwenye kipande cha lami kilichonyooka na tambarare kuelekea njiapanda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Mshale wa spidomita umetulia kwenye 80. Ukijumlisha kani zote zinazolisukuma na kulivuta gari hilo, unabaki na kani kiasi gani kuelekea mbele?

Sifuri. Haibaki hata nyutoni moja (nyutoni, kwa kifupi N, ni kipimo cha kani).

Wanafunzi wengi wanalikataa jibu hili moyoni hata wanapoliandika kwenye mtihani, na wana sababu. Karibu kila kitu tunachosukuma hapa duniani husimama tukiacha kukisukuma: toroli, kabati, gari lililozima njiani. Basi akili inahitimisha kwamba mwendo wenyewe unakula kani. Aristotle alifundisha hivyo na watu wakaamini kwa karne nyingi. Galileo Galilei, mwanzoni mwa karne ya 17, ndiye aliyeonyesha kwamba kinachokisimamisha kitu ni msuguano, na mwaka 1687 Isaac Newton akaliweka jambo hilo kuwa sheria ya kwanza ya mwendo: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka, mpaka itokee kani isiyo na ya kuisawazisha. Injini ya ile Hiace inafanya kazi ya kufuta ukinzani wa hewa na wa matairi. Ukinzani ungekuwa haupo, dereva angeweza kuzima injini na gari likaendelea na 80 yake.

Hapa kuna jambo la faida kubwa ambalo darasani hupitwa haraka. Ukishajua kwamba velositi ya kitu haibadiliki, umepata mlinganyo bila gharama: kani za upande mmoja ni sawa na za upande wa pili. Kani usiyoweza kuipima, kama msuguano, unaipata kwa kupima ile inayopambana nayo. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kuutumia mlinganyo huo, kwa kalamu na kwa vifaa vya nyumbani.

Kwanza hakikisha velositi kweli haibadiliki

Velositi ni kasi pamoja na mwelekeo wake. Kimoja kikibadilika, velositi imebadilika na kani jumla si sifuri tena. Kwa hiyo kabla ya kuandika sifuri popote, jiulize: je, kasi ni ileile? Je, kitu kinakwenda kwenye mstari ulionyooka? Na je, hali hiyo inadumu kwa muda, au ni ya nukta moja tu?

Swali la pili linawaangusha wengi. Chukua Hiace hiyohiyo, sasa inazunguka kipilefti cha Mnara wa Saa pale Arusha kwa kilomita 20 kwa saa, na spidomita haisogei. Tuseme gari na abiria wake ni kilo 3,000, na njia yake ina nusukipenyo cha mita 15. Kilomita 20 kwa saa ni mita 5.56 kwa sekunde. Mchapuko, yaani kiasi ambacho velositi inabadilika kila sekunde, kwa kitu kinachozunguka ni kasi mara kasi, gawanya kwa nusukipenyo: 5.56 × 5.56 ÷ 15, yaani kama 2.06 m/s². Zidisha kwa kilo 3,000 upate takribani nyutoni 6,200, zote zikielekea katikati ya kipilefti. Kani hiyo inatoka kwenye msuguano wa matairi na lami, na ndiyo maana lami ikilowa kwa mvua au ikimwagikiwa mafuta, gari linateleza kwenda nje ya mzunguko hata kama dereva hakuongeza kasi.

Swali la tatu ni la embe lililorushwa juu. Kileleni, kwa nukta moja, kasi yake ni sifuri. Kani jumla si sifuri: embe la gramu 300 bado linavutwa chini kwa nyutoni 2.9, na ndiyo sababu linageuka na kurudi. Kasi kuwa sifuri ni jambo moja, kasi kutobadilika ni jambo jingine.

Kuchora mishale

Usianze na hesabu. Anza na mchoro, na uufanye kwa mpangilio huu:

1. Chagua kitu kimoja tu. Andika jina lake juu ya ukurasa: "Hiace na vyote vilivyomo".
2. Kichore kama nukta. Umbo la gari halina kazi hapa.
3. Orodhesha kila kinachokigusa: barabara, hewa, kamba, mkono. Kila kinachogusa kinaweza kuleta kani. Ongeza mvutano wa dunia, ambao hauhitaji kugusa. Kama hakuna sumaku wala chaji za umeme, orodha imekamilika.
4. Chora mshale kwa kila kani, ukitokea kwenye nukta, na pembeni yake uandike nani anasukuma nani: "barabara inasukuma matairi", "hewa inasukuma gari".
5. Mshale ambao huwezi kumtaja anayesukuma, ufute.
6. Tenga mishale ya wima na ya mlalo, kisha sawazisha kila fungu peke yake.

Hatua ya tano ndiyo inayookoa alama. Wanafunzi hupenda kuchora mshale wa mbele wanaouita "nguvu ya mwendo". Waulize nani anayeisukuma hiyo nguvu, hakuna. Mwendo si kani. Kitu kinakwenda kwa sababu kilikuwa kinakwenda tangu mwanzo, na hakuna mshale wa kuchora kwa ajili ya hilo.

Sasa tuijaze michoro kwa namba. Kwa wima, uzito wa gari ni 3,000 × 9.8, yaani nyutoni 29,400 kuelekea chini, na barabara inayasukuma matairi manne kuelekea juu kwa jumla ya nyutoni 29,400. Zimefutana.

Kwa mlalo kuna kani mbili za nyuma. Ya kwanza ni ukinzani wa kubingirika, unaotokana na tairi kubonyea na kurudi linapozunguka. Kwa tairi lenye upepo wa kutosha kwenye lami nzuri, chukua kama 0.012 ya uzito: 29,400 × 0.012, takribani nyutoni 350. Ya pili ni ukinzani wa hewa, nao ni nusu × densiti ya hewa × kizidishi cha umbo × eneo la mbele × kasi × kasi. Uwanda huu uko juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam, 1.05 kg kwa mita ya ujazo inatosha. Kwa gari la umbo la boksi chukua 0.4 na eneo la mita za mraba 3.3. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22.2 kwa sekunde. Jibu ni karibu nyutoni 340.

Jumla ya nyuma: 690 N. Kwa kuwa velositi haibadiliki, barabara inayasukuma matairi ya kuendesha kuelekea mbele kwa 690 N ileile. Angalia ni nani mwenye mshale huo wa mbele: ni barabara, kwa njia ya msuguano. Injini inalizungusha tairi, tairi linaisukuma lami kwenda nyuma, lami inalisukuma tairi kwenda mbele. Msuguano hapa unaelekea kule gari linakokwenda, na anayesema msuguano siku zote uko kinyume na mwendo ataukosa mchoro huu.

Rudia hesabu kwa kilomita 60 kwa saa. Ukinzani wa kubingirika unabaki 350, wa hewa unashuka hadi kama 190, jumla ni 540 N, na msukumo wa mbele nao ni 540 N. Kani jumla ni sifuri kwenye 60, na ni sifuri kwenye 80. Kinachotofautiana ni ukubwa wa mishale, si mabaki yake. Sifuri inavunjika wakati wa kutoka 60 kwenda 80 tu: dereva akikanyaga mafuta mpaka barabara ikasukuma kwa 1,140 N, ziada ni 600 N, na 600 ÷ 3,000 ni mchapuko wa 0.2 m/s². Kasi inavyopanda, ukinzani wa hewa unapanda nao na ziada inapungua. Dereva akiachia mafuta kidogo ziada inakwisha, mshale wa spidomita unatulia, na hesabu imerudi kwenye sifuri. Kwa gari la abiria, 80 ndiyo iwe mwisho, maana ndiyo kikomo cha sheria.

Mlimani na mteremkoni

Bonde la Mto Kikafu linafaa sana kwa mfano huu, kwa sababu barabara inashuka hadi darajani na kupanda tena. Tuseme mwinuko ni wa mita 5 kwa kila mita 100 za njia, na gari liko kwenye 50 bila kubadilika. Mvutano wa dunia sasa una sehemu inayolala sambamba na barabara: 29,400 × 0.05, yaani 1,470 N. Ukinzani wa hewa na matairi kwa kasi hiyo ni kama 490 N.

Likipanda, vyote viwili vinavuta nyuma, kwa hiyo msukumo wa mbele ni 1,960 N. Likishuka, 1,470 N inalisukuma gari mbele na ukinzani unarudisha 490 tu. Iliyobaki, 980 N, lazima itoke kwenye breki ya injini au breki za magurudumu. Kupanda na kushuka, kani jumla ni sifuri.

Sasa fikiria dereva ametia nyutro kwenye mteremko ili kubana mafuta. Injini haimsaidii tena, na zile 980 N zote ni za breki. Zidisha kwa mita 13.9 kwa sekunde: breki zinapokea joto la kilowati 13.6 mfululizo mpaka chini. Zikipata moto kupita kiasi zinashindwa kutoa 980, na pengo linalobaki ndilo linalolikimbiza gari. Gia nzito mteremkoni ni hesabu hii hii ikifanywa kwa mguu na mkono.

Mkokoteni wa sokoni

Mfano huu unafaa zaidi kwa sababu msukumaji anazisikia kani mikononi. Mkokoteni wa kilo 60 umebeba viroba vya kilo 200 kutoka Soko la Kilombero. Uzito wote ni 260 × 9.8, karibu 2,550 N. Kwenye lami, ukinzani wa kubingirika na wa ekseli ni kama 0.02 ya uzito: 51 N. Kwenye njia ya vumbi unaweza kufika 0.05, yaani 127 N.

Kuondoka ndiko kugumu. Akitaka kufika kasi ya 1.2 m/s ndani ya sekunde 3, mchapuko ni 0.4 m/s², na unahitaji ziada ya 260 × 0.4 = 104 N juu ya zile 51. Anasukuma kwa 155 N. Akishafika kwenye mwendo wake, anapunguza hadi 51 N na mkokoteni unaendelea bila kuchoka wala kuharakisha. Hapa ndipo wengi hubisha kwamba lazima asukume walau kidogo zaidi ya ukinzani. Akisukuma 52 N, ile moja ya ziada itaendelea kuuongezea mkokoteni kasi, taratibu, mpaka aanze kukimbia nyuma yake. Kinachouweka kwenye 1.2 ni usawa.

Akiachia kabisa, kani jumla ni 51 N kuelekea nyuma. Mchapuko ni hasi 0.2 m/s², na mkokoteni unasimama baada ya sekunde 6 hivi na mita 3.7. Umbali huo unaweza kuupima kwa futi kamba na kuurudisha kwenye hesabu ili upate ukinzani halisi wa mkokoteni wako. Ukikuta unasimama baada ya mita 2 tu, tazama upepo wa matairi na grisi ya ekseli kabla ya kumlaumu msukumaji.

Neno kuhusu sheria ya tatu ya Newton (ukikisukuma kitu, nacho kinakusukuma kwa kani ileile upande wa pili), maana ndipo inapochanganywa. Mtu anausukuma mkokoteni kwa 51 N, na mkokoteni unamsukuma mtu nyuma kwa 51 N. Jozi hii haifutani kamwe, kwa sababu kani moja iko juu ya mkokoteni na nyingine iko juu ya mtu. Kinachofutana kwenye mchoro wa mkokoteni ni mkono wa mtu na ukinzani wa magurudumu. Ukiona kwenye mchoro wako kani na mwitiko wake zote mbili, umechora vitu viwili kwenye nukta moja. Rudi hatua ya kwanza.

Jaribio la mezani: kupima msuguano kwa mizani ya springi

Tafuta mizani ndogo ya springi ya kuning'iniza, inayosoma hadi kilo 2 au 3 kwa mistari ya gramu 50 au chini ya hapo. Mizani ya kilo 25 ya sokoni haifai, kwani mistari yake ni mipana mno kwa kani hizi. Mizani ya kidijitali ya mabegi nayo ina tatizo: nyingi hujifunga kwenye namba ya kwanza iliyotulia na hazionyeshi mabadiliko. Ongeza pakiti ya unga ya kilo 2, kipande cha mbao kilicholainishwa cha kukaa chini yake, ubao mrefu wa kama mita 1, na uzi wa katani usiovutika.

Pima kwanza kipande cha mbao na unga pamoja kwa kuvining'iniza. Tuseme ni kilo 2.3, uzito ni 22.5 N. Kisha ilaze mizani mlalo na uirekebishe isome sifuri ikiwa katika hali hiyo. Hili husahauliwa mara nyingi: mizani iliyosawazishwa ikiwa wima ilikuwa inabeba uzito wa ndoano yake, na ikilazwa inaonyesha pungufu.

Njia ya kawaida ni kuuvuta mzigo mezani kwa mwendo wa polepole usiobadilika na kusoma mizani wakati unakwenda. Inafanya kazi, ila ni ngumu kwa mkono. Vuta kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua huku kiwiko kimebanwa ubavuni. Mkono peke yake hutetemeka. Utaona namba inapanda kwanza, tuseme hadi gramu 850, kisha mzigo ukianza kwenda inashuka hadi gramu 700 na kukaa hapo. Ile ya kwanza ni kilele cha msuguano wa kutulia, ya pili ni msuguano wa mwendo. Zidisha kilo kwa 9.8: 0.7 kg ni 6.9 N. Hiyo ndiyo kani ya msuguano, na umeipata bila kuugusa msuguano wenyewe.

Njia ya pili ni bora, na ingefaa ianze kufundishwa kabla ya ile ya kwanza. Funga mizani kwenye mguu wa meza nzito au msumari, ndoano ishike uzi wa mzigo, na mzigo ukae juu ya ubao mrefu. Sasa vuta ubao, uuache mzigo mahali pake. Ubao unateleza chini ya mzigo, mzigo wenyewe haujasogea, na mizani inatulia vizuri hata kama unavuta ubao kwa kasi isiyo sawa. Namba ni ileile ya karibu gramu 700. Mzigo uliotulia juu ya ubao unaokwenda, na mzigo unaokwenda juu ya ubao uliotulia, vinatoa jibu moja. Kwa kani jumla, kutulia na kwenda kwa velositi isiyobadilika ni hali moja.

Ukishapata namba ya kwanza, fanya mambo mawili. Vuta ubao polepole, kisha vuta kwa kasi mara mbili: namba itabaki palepale au kutofautiana kidogo sana. Anayeamini kwamba kasi kubwa inahitaji kani jumla kubwa aione hii kwa macho yake. Kisha ongeza pakiti ya pili ya kilo 2. Mzigo sasa ni kilo 4.3, na mizani inapaswa kusoma karibu gramu 1,300, kwa sababu msuguano unakwenda sambamba na kani inayoubana mzigo kwenye ubao.

Yanayoharibu jaribio hili: uzi ukiinama kuelekea juu, unaunyanyua mzigo kidogo na msuguano unapungua, kwa hiyo namba inatoka ndogo, weka ndoano na uzi kwenye kimo kimoja. Uzi wa mpira au wa nailoni laini unavutika na kuachia, na mzigo unakwenda kwa kushtukashtuka. Vumbi la unga likimwagika kwenye ubao linabadilisha msuguano katikati ya kazi. Funga pakiti kwenye mfuko.

Unaweza kuhakiki jibu bila mizani kabisa. Uinue ubao uleule upande mmoja, weka mzigo juu, na uugonge kidogo ili uanze kwenda. Ubao ukiwa chini mno mzigo unasimama; ukiwa juu mno unakimbia. Tafuta kimo ambacho unashuka kwa kasi moja. Usikadirie kwa jicho: piga mistari ya kalamu kila sentimita 20, rekodi kwa simu, na ulinganishe muda kati ya mstari na mstari. Gawanya kimo kwa urefu wa kitako, yaani umbali wa sakafuni, si urefu wa ubao. Kwa ubao wa sentimita 100 ulioinuliwa sentimita 29, kitako ni 95.7, na jibu ni 0.30. Zidisha kwa 22.5 N upate 6.8 N. Mizani ilisema 6.9. Tofauti ya sehemu moja kwa kumi ni ya kawaida. Ikizidi hapo, tazama kama umetumia upande uleule wa ubao.

Kuanguka bila kuongeza kasi

Mtungi mwembamba wa kioo, asali safi inayopitisha mwanga, na gololi moja vinatosha. Bandika utepe wenye alama kila sentimita 3, dondosha gololi katikati mbali na kuta, na urekodi. Baada ya mwanzo mfupi itapita kila alama kwa muda sawa. Gololi ya kioo yenye kipenyo cha milimita 16 ina gramu 5.4 hivi, uzito wa 0.053 N. Asali iliyosukumwa kando inailea kuelekea juu kwa 0.029 N. Kwa kuwa kasi haibadiliki, ukinzani wa asali ni tofauti yake, 0.024 N. Pima siku moja: asubuhi ya Julai Arusha asali ni nzito na gololi inachelewa kuliko mchana wa Februari Moshi, ingawa kani hizo tatu ni zilezile.

Hewani, tumia karatasi za kuokea keki ndogo. Moja huacha kuongeza kasi karibu mara tu unapoiachia. Pachika nne pamoja: uzito ni mara nne, na kwa kuwa ukinzani wa hewa unakua kwa kasi mara kasi, zitatulia kwenye kasi mara mbili. Achia moja kutoka mita 1 na zile nne kutoka mita 2 kwa wakati mmoja, madirisha yamefungwa na feni imezimwa. Zitatua karibu pamoja.

Kwa wenye simu, programu ya bure ya phyphox inasoma mchapuko. Iweke sakafuni kwenye lifti, chagua kipimo cha mchapuko bila mvutano wa dunia, na utaona mlima mmoja wakati wa kuondoka, mlima wa upande wa pili wakati wa kusimama, na katikati mstari unaocheza kwenye sifuri. Kwenye gari fanya ukiwa abiria, na utarajie mstari wenye mtetemo mwingi. Tazama wastani wake.

Maswali matatu ya kujipima

Ndoo ya kilo 12 inavutwa kutoka kisimani kwa 0.5 m/s bila kubadilika. Kamba inavuta kwa kani gani? 118 N. Ikivutwa kwa 1 m/s? 118 N. Ikishushwa kwa 0.5 m/s? Bado 118 N, kuelekea juu.

Watu wawili wanasukuma kabati la kilo 80 kwa upande mmoja, 180 N na 140 N, nalo linakwenda kwa 0.5 m/s bila kubadilika. Msuguano ni 320 N. Wa 180 akiachia, je, kabati litaendelea kwa kasi ndogo zaidi? Hapana. Kani jumla inakuwa 180 N kuelekea nyuma, mchapuko hasi 2.25 m/s², na kabati linasimama ndani ya robo sekunde hivi.

Ndege inashuka kuelekea KIA kwa kasi isiyobadilika kwenye mstari ulionyooka wa nyuzi 3. Je, uzito umeishinda kani ya mabawa? Haujaishinda. Mstari umenyooka na kasi ni ileile, kwa hiyo kani jumla ni sifuri. Kani ya mabawa, inayosimama wima juu ya mstari wa safari, ni 0.9986 ya uzito. Sehemu ya uzito inayolala kwenye mstari huo, kama 0.052 yake, inasaidiana na injini kusawazisha ukinzani wa hewa. Rubani anapoinua pua karibu na lami, mstari wa safari unapinda kuelekea juu, na kwa sekunde hizo chache kani ya mabawa inauzidi uzito.